Kuupima Wino wa Bluu wa Kalamu ya Kujaza: Rangi Yake na Tabia Yake

Chupa ya wino wa bluu ukiishika dukani, karibu kila mara huonekana nyeusi. Wino hauna kosa hapo. Rangi iliyokusanyika kwenye kina cha sentimita tatu humeza mwanga wote unaoingia. Rangi iliyo kwenye lebo nayo si wino, ni chapa ya mashine. Hata mstari uliouandika sasa hivi hauaminiki ungali umelowa: kama vile kitenge kilicholowa kinavyokolea kuliko kikiwa kimekauka kambani, ndivyo na wino.

Wino wa bluu hupimwa kwenye karatasi utakayoitumia na kwa nibu (ncha ya kuandikia) utakayoitumia, ukiwa umekauka, kwenye mwanga wa mchana, na haupimwi kwa siku moja. Bluu inahitaji subira kuliko nyeusi. Kuna bluu zinazofifia kadiri zinavyokauka, kuna zinazozidi kuwa nyeusi kwa siku tatu nne, na kuna zinazotoa wekundu juu yake ambao haukuwepo wakati wa kuandika. Mwongozo huu unakwenda kuanzia saa ya kwanza hadi wiki ya tatu, kwa mazingira ya Mwanza: hewa yetu, mwanga wetu, maji yetu, na karatasi zinazopatikana hapa.

Vya kuandaa

Kalamu moja ya kujaza yenye nibu ya wastani, iliyo safi. Bomba la sindano la mililita 2 au 3 kutoka duka la dawa. Pamba za masikio tano au sita. Tishu nyeupe isiyo na manukato wala maua. Chaki nyeupe mbili. Glasi mbili ndogo, penseli, rula, na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Kalamu ya kujaza ya pili si lazima, lakini chupa ya pili ya bluu nyingine inasaidia sana, kwa sababu nitakazoeleza hapo chini.

Karatasi ziwe tatu: karatasi ya rimu ya gramu 80 (ile ya fotokopi), ukurasa wa daftari la mistari au kaunta buku unayoandikia kila siku, na karatasi moja laini inayoteleza kidogo, kama ya shajara nzuri au ya barua. Wino mmoja utakuwa na sura tatu kwenye karatasi hizo. Ukipima kwenye karatasi laini peke yake kisha ukaenda kuandika kwenye daftari la kawaida, utalaumu wino bure.

Maji ya majaribio yawe yamechemshwa yakapoa. Maji ya bomba ya Mwanza hutoka Ziwa Victoria na hutiwa klorini, na klorini ni adui wa rangi nyingi za bluu. Kwa kuoshea kalamu maji ya bomba hayana shida. Yale ya kudondoshea kwenye karatasi ndiyo yawe hayana kitu.

Hatua ya kwanza: tafuta dirisha

Kazi ya kusoma rangi ifanyike kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, kando ya dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja. Mwanza ipo takriban nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo dirisha zuri hubadilika na majira: mwezi wa Juni jua hupita upande wa kaskazini, basi dirisha la kusini ndilo lenye mwanga tulivu, Desemba jua lipo kusini, hamia dirisha la kaskazini. Kama chumba kina madirisha ya mashariki na magharibi tu, tumia la magharibi asubuhi na la mashariki baada ya adhuhuri.

Angalia pia kilicho karibu. Ukuta wa kijani, pazia la njano, au shati lako la rangi kali hurudisha rangi yake kwenye karatasi, na bluu nyepesi huipokea upesi. Weka karatasi nyeupe chini ya karatasi ya kipimo, na uvae kitu cheupe au cha kijivu ukiweza.

Usiku usihukumu chochote. Balbu za mwanga wa njano zina bluu kidogo sana, hivyo wino wa bluu huonekana kijivu au mweusi chini yake. Zaidi ya hapo, bluu mbili zilizofanana kabisa mchana zinaweza kuachana chini ya taa, moja ikabaki bluu na nyingine ikawa zambarau. Hiyo ni sifa ya kuandikwa, hasa kwa mwalimu anayesahihisha usiku, lakini iandike baada ya kusoma rangi ya mchana, usiitangulize.

Hatua ya pili: osha, kausha, jaza

Makosa mengi huzaliwa hapa. Tone moja la wino mweusi lililojificha kwenye ulimi wa chini ya nibu linatosha kuizima bluu nyepesi. Vuta maji na kuyasukuma nje mara nane hadi kumi, ukibadilisha maji kila mara mbili. Kisha simamisha kalamu, nibu ikielekea chini, ndani ya glasi yenye tishu iliyokunjwa, uiache usiku kucha. Asubuhi tazama tishu. Ikiwa na doa lenye rangi yoyote, rudia. Ikiwa na unyevu mweupe tu, kalamu iko tayari.

Maji yakibaki ndani, kosa linakuwa la upande wa pili: wino unatoka mwepesi na mtu anasema bluu hii imepauka. Kwa hiyo hata baada ya kukausha, andika nusu ukurasa wa mistari ya ovyo kabla ya kuanza kipimo.

Usichovye kalamu kwenye chupa ambayo hujaiamini, wala kalamu yenye mabaki kwenye chupa unayoipenda. Vuta mililita 2 kwa bomba la sindano, tia mililita moja kwenye kalamu kupitia konveta (kifaa cha kunyonyea wino ndani ya kalamu) au katriji (kibomba cha wino) iliyooshwa, na iliyobaki ihifadhi kwenye kichupa kidogo safi kwa ajili ya pamba, chaki na matone. Kuchovya nibu na kuandika papo hapo hakutoshi: nibu iliyochovywa hutoa wino mwingi mno kwa mistari mitatu, kisha hukauka. Utaona rangi mbili, na zote si za kalamu yako.

Jambo la wanaosafiri. Ziwa letu lipo takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kuliko Dar es Salaam kwa kama asilimia 12. Kalamu iliyojazwa nusu Dar hubeba hewa ndani yake. Ikifika Mwanza hewa hiyo imetanuka na kuusukuma wino kwenye kifuniko. Safiri nayo ikiwa imejaa kabisa au tupu, nibu ikielekea juu. Ikishafika, ifute na uandike ukurasa mmoja kabla ya kuipima, maana mistari ya mwanzo itakuwa mizito kupita kawaida. Chupa mpya nayo ifunguliwe polepole juu ya tishu.

Hatua ya tatu: karatasi ya kipimo

Kwa penseli, andika juu ya kila karatasi jina la wino, kalamu, aina ya nibu, tarehe, saa, na hali ya hewa. Hali ya hewa ina maana yake. Wakati wa masika karatasi hunyonya unyevu hewani, nyuzi zake hulegea, na wino huohuo uliotulia Julai huanza kutambaa Aprili.

Chovya pamba ya masikio kwenye wino na uipitishe mara moja kwa urefu wa sentimita sita. Ikikauka, pitisha tena kwenye theluthi mbili ya mwisho, kisha mara ya tatu kwenye theluthi ya mwisho. Unapata ngazi tatu: wino mwembamba, wa kati na mzito. Ngazi ya kwanza huonyesha rangi iliyomo ndani kabisa, ile inayojificha kwenye mstari mzito. Bluu nyingi zinazojiita bluu tupu hufichua hapo kwamba zimelalia zambarau au feruzi.

Chini yake dondosha tone moja kwa bomba la sindano na uliache likauke lenyewe, bila kulipuliza. Hilo tone utalirudia baadaye kutafuta mng'ao.

Sasa shika kalamu. Andika mistari mitatu ya mwandiko wako wa kawaida, si ule wa kupendeza wageni. Kisha andika neno Nyamagana mara tano, kwa herufi ndogo iwezekanavyo. Lina herufi nne za a na moja ya g, na kila moja ina jicho la kufunga. Wino unaosambaa huyaziba macho hayo. Chukua kioo cha kukuza, au kamera ya simu ukiisogeza karibu, tazama kingo za herufi: mstari mzuri una ukingo kama uliokatwa kwa wembe, mstari mbaya umeota ndevu, vinyuzi vidogo vya bluu vinavyofuata nyuzi za karatasi. Ndevu zikiota kwenye daftari peke yake, lawama ni ya karatasi, kwamba haikutiwa wanga au gundi ya kutosha kuziba matundu yake. Zikiota kwenye karatasi zote tatu, wino una kilainishi kingi mno au nibu inamwaga.

Endelea na nane zilizolala, mfululizo, mistari miwili bila kuinua nibu. Hapa unasikiliza mtiririko. Wino wenye mtiririko mzuri haukatiki kwenye kona, na unene wa mstari mwishoni ni uleule wa mwanzo. Wino mkavu hufifia kadiri unavyokwenda, na mkono huhisi nibu ikikwaruza. Wino majimaji hujaza vidimbwi kwenye makutano ya nane.

Kwa kukauka, chora mistari sita mifupi ukiwa na saa mkononi: wa kwanza uusugue kwa kidole kikavu baada ya sekunde 5, wa pili 10, kisha 15, 20, 30 na 60. Karatasi ya rimu mara nyingi hukausha ndani ya sekunde 5 hadi 15. Karatasi laini inaweza kufika 40 na kuendelea. Anayeandika kwa mkono wa kushoto asikubali wino unaozidi sekunde 15 kwenye daftari lake, la sivyo kiganja chake ndicho kitakachokuwa karatasi ya kipimo.

Mwisho geuza ukurasa. Kivuli cha maandishi kuonekana nyuma ni kawaida ya karatasi nyembamba. Vitone vya wino vilivyopenya hadi upande wa pili ni jambo jingine, maana yake upande huo hauandikiki.

Kusoma rangi yenyewe

Subiri angalau saa moja, na siku moja ni bora. Kisha kata dirisha dogo la sentimita 2 kwa 2 kwenye karatasi nene nyeupe, uliweke juu ya doa la pamba ili jicho lisivutwe na vitu vingine. Jicho la binadamu huzoea. Likitazama bluu kwa dakika moja huipunguza nguvu, ndiyo maana chupa ya pili ina thamani: weka madoa mawili bega kwa bega, na tofauti ambayo usingeiona kamwe itajitokeza mara moja.

Uliza maswali matatu, kwa mpangilio huu. Kwanza, bluu imelalia wapi? Kwenye zambarau, kwenye kijani, au kwenye kijivu? Pelikan 4001 Royal Blue ni mfano mzuri wa bluu iliyolalia zambarau. Iroshizuku Kon-peki wa Pilot umelalia upande wa feruzi. Ukipata moja kati ya hizo, iwe kipimo chako cha kudumu. Pili, imekolea kiasi gani? Bluu iliyokolea haina vumbi ndani yake. Iliyopoa inaonekana kama imechanganywa na majivu. Tatu, ina giza kiasi gani? Bluu ya sketi za shule ya msingi ina giza lakini inaweza kuwa imekolea vilevile. Watu huchanganya maswali haya mawili ya mwisho, kisha wanaandika "bluu kali" bila kueleweka kama ni kali kwa mng'aro au kwa weusi.

Lugha yetu ina majina ya kutosha, tuyatumie: samawati kwa bluu ya mbingu isiyo na wingu, feruzi kwa ile ya kijani, nili kwa ile nzito ya zambarau, inayokumbusha bluu ya kufulia mashati meupe kabla maji hayajazidi. Bluu-nyeusi ni bluu-nyeusi. Jihadhari na "bluu ya ziwa". Maji ya ziwa pale Capri Point, Mwanza, asubuhi tulivu ni kijani cha mwani, na saa kumi upepo ukivuma ni kijivu cha chuma.

Kumbuka pia weupe wa karatasi. Karatasi nyingi za rimu zimetiwa dawa ya kung'arisha inayogeuza miale isiyoonekana ya jua kuwa mwanga wa bluu. Kandokando ya dirisha karatasi hiyo huing'arisha bluu ya wino. Karatasi ya rangi ya maziwa huivuta kuelekea kijani. Wino haukubadilika.

Kuna jambo la vivuli. Tazama herufi zenye mkunjo chini, kama u na l. Mwisho wa mkunjo ndipo wino hukusanyika. Ukiona sehemu ya juu ni samawati na chini ni nili, wino una vivuli, na mwandiko hupata uhai. Vivuli huonekana zaidi kwa nibu pana na karatasi laini, na hupotea kwenye karatasi inayonyonya haraka. Kwa kazi za fotokopi ni kasoro, kwani sehemu nyepesi hazitoki. Ofisi nyingi hupenda saini ya bluu ili hati halisi ijitenge na kopi. Basi peleka karatasi yako ya kipimo ikatolewe kopi kabla ya kuamua, uone kama saini inasomeka.

Mng'ao ni kitu kingine. Rudi kwenye lile tone, liinamishe dirishani mpaka mwanga uteleze juu yake. Kwenye bluu zilizojaa rangi nyingi utaona wekundu kama wa shaba kwenye ukingo. Hiyo ni rangi iliyobaki juu ya karatasi ikaganda, haikunyonywa. Inapendeza sana, na ina gharama: kitu kilichobaki juu hufutika. Hewa ya pembezoni mwa ziwa ina unyevu, na wino wa namna hii unaweza kupaka kidole chenye jasho hata baada ya siku kadhaa. Jaribu: siku ya tatu, pumulia kidole, kipitishe juu ya mwandiko. Kikitoka na bluu, wino huo usiutumie kwenye daftari linalofungwa na kufunguliwa kila siku.

Kuichambua rangi kwa chaki

Jaribio hili watoto wa shule hulifanya darasani kwa jina la kromatografia, na hakuna linalofundisha zaidi kuhusu wino kwa gharama ndogo hivyo. Chukua chaki nyeupe nzima. Sentimita 1.5 kutoka chini, chora mzunguko wa wino kwa ncha ya pamba, mwembamba, uuache ukauke dakika tano. Mimina maji kwenye glasi yafike nusu sentimita tu, kisha simamisha chaki. Maji yasiuguse mzunguko. Yakiugusa, rangi itayeyukia kwenye glasi na jaribio limekufa. Maji yatapanda yenyewe. Toa chaki yakikaribia juu, baada ya kama dakika kumi.

Ukitaka kuhifadhi matokeo, tumia tishu au karatasi ya kuchujia kahawa: ukanda wa sentimita 2 kwa 12, mstari wa wino sentimita 2 kutoka chini, uning'inie kwenye penseli iliyolala juu ya glasi, ncha yake ikigusa maji kwa sentimita moja. Ukikauka, ubandike kwenye daftari.

Sasa soma. Bluu ambayo ulidhani ni rangi moja huachana. Feruzi inayokimbia mbele kabisa mara nyingi ni jamaa ya bluu inayotiwa kwenye peremende, E133. Waridi au zambarau ikitokea peke yake, ujue ndiyo iliyoipa bluu yako joto. Kijivu ni mchanganyiko wa rangi nyingi, na ndiyo sababu bluu hiyo inabadilika sana kati ya karatasi na karatasi.

Tazama zaidi mstari wa mwanzo, pale ulipoweka wino. Kilichobaki hapo ndicho kilichoshikamana na nyuzi, na ndicho kitakachobaki ukurasa wako ukimwagikiwa maji. Pakiwa peupe kabisa, wino wote huoshwa. Pakibaki mstari wa kijivu unaozidi kuwa mweusi ukikauka, kuna chuma ndani. Na kama rangi haikusogea hata kidogo, huo ni wino wa chembe, yaani rangi yake haikuyeyuka majini bali inaelea kama vumbi laini mno.

Maji, magadi na jiki

Kwenye karatasi ya kipimo iliyokauka siku nzima, dondosha maji juu ya mstari, subiri dakika moja, nyonya kwa tishu bila kusugua. Kwenye mstari wa pili weka tone la maji ya magadi, na kwenye wa tatu tone la jiki.

Bluu ya kuoshwa, ile ya shule, huondoka karibu yote kwa maji, na magadi huifanya ianze kufifia kwa sababu rangi yake haivumilii hali hiyo. Jiki huimaliza kabisa. Hiyo si aibu kwa wino wa mwanafunzi: unatoka kwenye shati jeupe. Bluu ya kudumu hupoteza sehemu na kuacha mstari unaosomeka. Wino wa chembe hautikisiki kwa maji, na jiki nayo huhangaika.

Wino wa chuma una hadithi ndefu kidogo. Ndani yake mna chumvi ya chuma pamoja na tanini, jamaa ya ile iliyomo kwenye majani ya chai na magome ya mgunga. Ukiandika, unaona bluu iliyotiwa ili uone unachoandika. Kisha hewa inaibadilisha chuma, inaungana na tanini na kuganda ndani ya karatasi, na mwandiko unakuwa mweusi kwa saa na siku. Kwa hiyo wino huo uhukumu siku ya saba, si kabla. Maji huondoa bluu na kuacha mstari wa kijivu-nyeusi; jiki huacha alama ya kutu. Mfano wake ni Diamine Registrar's Ink, uliotengenezwa kwa vitabu vya usajili vya Uingereza, na Pelikan 4001 Blue-Black. Una asidi, hivyo usiuache ukaukie ndani ya nibu ya chuma. Osha kalamu kila baada ya wiki mbili hadi nne. Wino wa chembe nao uoshwe hivyohivyo, kwani ukikaukia ndani huziba njia na maji peke yake hayaufungui.

Kwa karani wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba anayejaza leja huku mikono ina maji ya samaki, ni wino wa chembe au wa chuma, bila mjadala. Rangi nzuri isiyosomeka kesho haina kazi pale.

Kuacha wazi

Kalamu ikiwa imejaa, iache bila kifuniko dakika 1, andika. Dakika 2, andika. Kisha 5, kisha 10. Andika ilipogoma kuanza. Fanya hivyo mara mbili: feni ikiwa imezimwa, na ukiwa chini ya pangaboi, kwa sababu upepo hukausha ncha ya nibu upesi mno, hasa miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti. Halafu funika kalamu, ilaze siku moja, baadaye wiki moja. Ikianza kwa mstari mzito wenye giza kuliko kawaida, maji ya wino yamepungua kupitia kifuniko. Ikianza papo hapo kwa rangi yake, una wino na kalamu vinavyopatana. Kama inagoma, jaribu wino huohuo kwenye kalamu nyingine kabla ya kuulaumu.

Jua

Andika mistari kumi kwenye karatasi ya rimu. Funika nusu kwa karatasi nene au karatasi ya bati ya jikoni, bandika kwenye kioo cha dirisha linalopigwa na jua la jioni, maandishi yakitazama nje. Andika tarehe. Kagua kila baada ya siku saba, hadi siku ya 21. Jua la ikweta halina huruma, na bluu za kuoshwa hufifia mapema kuliko zote. Zambarau hugeuka kijivu, na mara nyingine bluu iliyochanganywa hupoteza nusu yake ya waridi na kubaki feruzi. Ukirudi kwenye ukanda wa tishu utaona ni rangi gani iliyokimbia.

Kuikagua chupa

Kabla ya kununua na kila mwezi baadaye, inua chupa dhidi ya mwanga, uiinamishe taratibu. Utando juu ya wino, nyuzi kama za buibui, au harufu ya kitu kilichooza ni ukungu: mwaga, usichuje, na osha kila kalamu iliyoguswa. Harufu kali kama ya dawa ya hospitali ni kitu kingine, ni kihifadhi, na baadhi ya wino huwa nayo tangu kiwandani. Mashapo chini ya wino wa chuma ni ishara kwamba umezeeka. Kwenye wino wa chembe tikisa kidogo, yakirudi kuelea ni sawa.

Wino wa muhuri, wino wa printa na wino wa kuchorea wenye gundi visiingie kwenye kalamu ya kujaza hata siku moja, hata kama bluu yake imekupendeza na bei yake ni ndogo. Vinaganda mahali ambapo maji hayafiki. Wala usichanganye bluu mbili ndani ya chupa. Changanya matone kwenye kichupa, kiache wiki moja, ukiona matope acha.

Siku ya 21 bandua karatasi ya dirishani, ikate katikati, ibandike kwenye daftari kando ya ukanda wa tishu na maandishi ya Nyamagana. Chini yake andika mistari minne tu: bluu imelalia wapi na imekolea kiasi gani, inakauka kwa sekunde ngapi kwenye karatasi ipi, inabaki nini baada ya maji, inafaa kazi gani. Daftari lifungwe na likae kabatini gizani, kwa sababu siku ukinunua chupa nyingine ya jina hilohilo utapaka doa jipya kwa pamba, ulikaushe siku moja, na uliweke bega kwa bega na lile la zamani, dirishani, saa nne asubuhi.